Kibiriti Kilichofika Jumatatu

Jumatatu ya wiki moja kabla ya Krismasi, Severa alikuwa dukani kwake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, anatafutia masufuria mifuniko yake. Mzigo ulikuja umechanganyika, sufuria namba hii na mfuniko namba ile, na kazi ya namna hiyo haitaki haraka. Mwanawe Hillary, kijana wa miaka ishirini na tatu, alikuwa amekaa kwenye stuli mbele yake anakula chipsi mayai. Simu ikaita. Alikuwa Pantaleo, mdogo wa mumewe, anayekaa na bibi wa watoto kule Kibosho, Kilimanjaro.

"Shemeji, habari za huko? Nilitaka tu ujue kijana amefika salama."

"Kijana gani?"

"Si Hillary! Ameingia sasa hivi. Tumeshashika mbuzi."

Severa akamtazama Hillary. Hillary alikuwa anachovya chipsi kwenye tomato.

"Mbona alisema ataondoka Alhamisi?"

"Ndiyo, anasema kaondoka Alhamisi."

"Haya, asante kwa kunijulisha. Msalimie mama."

Akakata simu, akachukua mfuniko mwingine, akaujaribu. Haukuingia.

"Umefika," akamwambia mwanawe.

"Saa ngapi?"

"Sikuuliza."

"Mama nawe! Hicho ndicho kitu cha kuuliza."

Benedict, mumewe, aliyekuwa nyuma ya duka anapanga ndoo, akaja mbio na magoti yake mabovu, akampigia Pantaleo mwenyewe. Saa tano na dakika kumi asubuhi. Nice, binti yao wa darasa la sita, akageuza karatasi ya kufungia vikombe akapiga hesabu: kuondoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, kufika Jumatatu saa tano na dakika kumi. "Kasoro siku mbili, kasoro saa kumi na saba, kasoro dakika hamsini," akasoma. Benedict akaibusu ile karatasi, akatoka nayo barabarani bila viatu.

Kwa asiyewajua watu wa Kilimanjaro waliopo Kariakoo: Desemba wanafunga maduka na kupanda nyumbani, wote. Kwenda siyo habari. Habari ni muda. Wakikutana nje ya kanisa kule kijijini, kabla hawajajuliana hali za watoto, wanaume wanaulizana, umetumia saa ngapi? Anayesema saa kumi anachekwa mpaka mwaka mpya. Anayesema saa sita anaombwa arudie kwa sauti wazee wasikie. Aliyelazwa hospitali za njiani hatajwi kwenye mazungumzo hayo, maana yeye hana muda wa kutaja.

Na gari lenyewe lilikuwa Mini, lile gari dogo la zamani, la mwaka sabini na mbili, milango miwili, rangi ya maziwa mgando. Mtaani waliliita Kibiriti. Benedict alilinunua kwa padre mstaafu aliyekuwa akienda nalo kigangoni na kurudi, halafu likakaa nyuma ya duka miaka kumi na minne, paka wanazalia humo. Mwezi wa sita Hillary akalifunga kamba, akalivuta mpaka Gerezani kwa fundi Khalfani. Khalfani ni mtu wa Masasi, mpole, alikuja mjini kijana na mpaka leo anaongea taratibu kama bado yuko njiani. Hillary alimwambia anataka gari la kuendea sokoni siku za kazi na kushindania Jumapili.

Wakaanza na injini. Hedi ikachongwa, kabureta zikawa mbili, ekzosi ikanenepa kama mkono wa mbeba mizigo. Matairi yakawa mapana, yakatokeza nje ya bodi. Springi zikakatwa, gari likachuchumaa. Halafu wakaingia kwenye kupunguza uzito. Kiti cha nyuma kikatoka, zulia likatoka, tairi la akiba likatoka, vioo vya nyuma vikawa plastiki, milango ikatobolewa matundu kwa ndani kama chekeche. Mwisho kikatoka kiti cha abiria.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" Severa aliuliza.

"Mama, hili siyo gari la kukaa. Hili ni gari la kufika."

Breki zikabaki zile zile za padre.

Mwezi wa tisa Kibiriti kilianza kufika kabla hakijaondoka. Severa alikuwa anamtuma Hillary Mchikichini akamchukulie Nice viatu vya shule. Hajamaliza kutaja namba, muuza viatu akapiga simu kusema kijana ameshachukua, namba thelathini na sita, na chenji kaisahau. Hillary alikuwa bado anatafuta ufunguo. Wiki iliyofuata mteja wa Mbagala akapokea masufuria yake kumi na mawili asubuhi, akayafurahia, ndipo mchana akapiga simu kuyaagiza. Severa naye alifurahi. Hilo lisemwe wazi, maana sisi wazazi tunapenda kusimulia kana kwamba hatukuwepo. Alifurahi, akamnunulia Hillary kofia ngumu ya kuendeshea, akamwambia, "Mwanangu, umenipunguzia kazi."

Jumapili moja walienda wote kumwangalia kwenye mashindano, uwanja wa udongo mgumu nje ya mji. Walikuwa na kuku wa kukaanga na mwavuli. Kabla mwenye bendera hajaishusha, Kibiriti kilikuwa kimemaliza mizunguko mitano, na Hillary alikuwa amesimama mwishoni anakunywa soda, na pia amekaa mwanzoni anafunga mkanda. Mwenye saa aliandika "kasoro dakika nne" akagonga mhuri. Walioshindwa walikata rufaa. Walisema matairi yamezidi upana unaoruhusiwa. Yakapimwa, yakaonekana sawa, Hillary akapewa kikombe. Benedict alicheza mpaka mwavuli ukavunjika. Hata Severa alipiga vigelegele, sauti ikakauka siku mbili.

Basi Jumatatu ile mchana, Severa aliposonga ugali, Hillary alisukuma sahani.

"Nimeshiba, mama. Nimekula mbuzi sana."

Akacheua, na kweli harufu ilikuwa ya mbuzi, na ya kisusio, ule mchuzi wa damu ya mbuzi. Severa hakulalamikia hilo. Alichokuwa akila kule kilimshibisha huku, na hilo lilikuwa na faida yake. Kilichomsimamisha ni pale Hillary alipoingiza mkono mfukoni kutafuta kijiti cha meno, akatoa jani refu la kijani lililopigwa fundo.

Ilikuwa isale. Nyumbani kwao hakuna mtoto asiyelijua jani hilo. Mtu akikukosea, akakuletea isale limefungwa fundo, huwezi kukataa kumsamehe, hata angekuwa amekuchomea nyumba.

"Nani kakupa?"

"Sijui. Nimelikuta tu mfukoni."

"Umemkosea nani?"

"Mama, mimi sijafanya kitu. Hata kuondoka sijaondoka."

Severa akavaa kanga yake akatembea mpaka Gerezani. Kibiriti kilikuwa ndani ya gereji, kimefunikwa turubai tangu juzi. Akafunua. Matairi yalikuwa na udongo mwekundu wa Kibosho. Bampa ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imebonyea, na kwenye wavu wa mbele kulikuwa na chungwa limepasuka, bado linatoa maji. Khalfani alikuja na nyundo, akagonga bonde lile likanyooka, wakasimama wanaliangalia. Likabonyea tena taratibu.

"Hilo halitoki," Khalfani alisema. "Hilo ni la Alhamisi."

Severa akarudi dukani, akamkalisha Hillary kwenye stuli, akampigia Pantaleo, akasema anaomba kuongea na Hillary wa huko. Akaweka simu kwenye spika, juu ya sufuria kubwa.

"Mambo?" Hillary wa hapa akasema.

"Poa," akajibu wa kule. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mbuzi vipi?"

"Mtamu. Ila kachinjwa mapema."

"Nyamazeni wote wawili," Severa akasema. "Hillary. Umegonga nini njiani?"

Jogoo akasikika, na watu wakicheka kwa mbali.

"Mama, sijui. Ni mbele kidogo ya Segera. Kulikuwa na mtoto wa kike anauza machungwa. Nikasikia mlio."

"Ukasimama?"

"Nilikanyaga breki."

"Nimekuuliza ulisimama?"

"Mama, nilipoinua macho nilikuwa nimeshafika. Watu walikuwa wanapiga makofi."

"Yule mtoto yuko wapi?"

"Sijui. Nimemwambia bibi, bibi ndiye kanifungia isale. Anasema nimpelekee mama yake."

Hillary wa hapa alikuwa ameacha kutafuna kijiti chake cha meno. Akainama karibu na simu. "Oya," akasema, "wewe si una siku tatu? Rudi kaangalie basi."

"Watu wanakuja kuliona gari," wa kule akajibu. "Nitarudi kesho."

Simu ikakatika.

Kuanzia saa ile Severa alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtoto wa mtu, mbele kidogo ya Segera, siku ya Alhamisi. Jumanne asubuhi alikuwa Gerezani kabla gereji haijafunguliwa.

"Khalfani baba, nataka breki."

Khalfani alivua kofia yake, akaiweka kifuani. "Mama Hillary, mimi nina miaka ishirini hapa. Watu wananiletea magari niyaongezee mwendo. Hajawahi kuja mtu kuniomba breki. Wewe ni wa kwanza."

"Haya, ndiyo nimekuja."

"Breki za maana za Kibiriti sina. Nimeagiza, ziko kwenye meli. Zitafika baada ya mwaka mpya."

"Si umtume Hillary akazilete na Kibiriti, zifike leo?"

"Breki haziji hivyo, mama. Breki zinafika kwa njia ya kawaida."

Jumatano alificha ufunguo ndani ya sufuria namba ishirini na nane, akafunika kwa mfuniko ambao kwa mara ya kwanza uliingia sawasawa. Jioni Benedict akakaa naye.

"Mama Hillary, kijana lazima aende."

"Asiende. Asipoenda hatagonga mtu."

"Asipoenda, aliyefika ni nani? Mbuzi wa mama kaliwa na nani? Ukoo mzima umeshakula. Unataka nimwambie mama yangu kwamba amemchinjia mtu ambaye hakuja?"

Severa alilijua hilo. Mbuzi akishachinjwa amechinjwa. Hata yeye aliolewa kwa mbuzi wa namna hiyo.

"Basi nitaenda naye," akasema.

"Gari halina kiti."

"Kitarudishwa."

"Litakuwa zito! Severa! Muda utaharibika!"

"Nina kilo tisini na nne," alisema Severa, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuzitaja kwa sauti. "Nataka ziharibu."

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri walitoka Kariakoo. Benedict na Nice walikuwa waende na basi. Khalfani alirudisha kiti cha abiria, na Severa alikaa juu yake amepakata furushi la masufuria kumi na mawili, makubwa, na isale likiwa ndani ya pochi. Kibiriti kililia, kikalala upande wake, kikaanza kwenda kama magari mengine yanavyokwenda. Walipita Kibaha baada ya kutoka Dar, na Chalinze baada ya Kibaha. Severa alihesabu miji ikija kwa mpangilio wake, akaona raha isiyo na kifani. Alifungua chupa ya chai. Aliimba. Masufuria yalikuwa yanagongana mapajani mwake kama kengele za ubatizo.

Magari ya Kariakoo yaliwapita moja baada ya jingine, yanawasha taa, yanapiga honi. Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Hillary! Umebeba kanisa?"

Hillary alifunika uso kwa mkono. "Mama, unaniua."

"Endesha, baba. Endesha. Angalia mazingira."

"Mazingira nimeshayaona."

"Yaangalie yakiwa yamesimama."

Hillary akacheka bila kupenda. Wakacheka wote wawili mpaka machozi, mama na mwana, ndani ya gari lisilo na zulia, mpaka Hillary akasema, "Ujue hata mimi sikupenda ile sauti yangu kwenye simu."

Saa tano kasoro wakapita Segera. Mbele kidogo, kushoto, kulikuwa na meza ya miti iliyopigwa misumari kienyeji, beseni la machungwa juu yake, na mtoto wa kike amesimama pembeni na kisu cha kumenyea. Alikuwa urefu wa Nice. Amevaa viatu vya shule bila soksi.

"Ndiye?" Severa akauliza.

"Sijui, mama. Sijawahi kumwona."

"Simama hapa."

Kwa mwendo ule hata breki za padre zilitosha. Kibiriti kilisimama hatua chache kabla ya meza. Severa akafungua mlango, akatoa furushi lake la masufuria akaliweka chini, akashuka. Alikuwa anawaza kumtoa yule mtoto pale, na isale, na namna ya kuanza kusema. Hakuwaza kuhusu kilo zake tisini na nne. Mtu akishazoea kuwa na uzito wake hauwazi.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mama. Unaitwa nani?"

"Sabaha. Machungwa yote matamu."

"Njoo huku kwanza, Sabaha. Kuna kitu nakupa." Akamshika mkono, akamvuta kando, nyuma ya furushi la masufuria.

Kibiriti kilikuwa kimebaki na Hillary peke yake. Kikainuka kidogo kwenye springi zake, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Injini ikabadilisha sauti. Hillary akakanyaga breki, Severa alimwona kwa macho yake akikanyaga kwa miguu miwili, na breki zikafanya kile ambacho zimekuwa zikifanya tangu enzi za padre. Kukawa na mlio mmoja. Meza ikawa vijiti, beseni likaruka juu, machungwa yakaanza kushuka kama yametupwa kutoka ghorofani. Kibiriti hakikuwepo. Barabara ilikuwa tupu, na harufu ya machungwa, na mbele kabisa hata vumbi hakuna.

"Amefika," Severa akasema.

"Nani?" Sabaha akauliza.

"Mwanangu. Jumatatu."

Sabaha aliangalia pale meza ilipokuwa, pale alipokuwa amesimama yeye, kisha akaangalia mkono wa yule mama ulioushika wake. "Machungwa yangu," akasema, akaanza kuokota. Severa naye akavua viatu akaokota. Walilazimika kuokota kwa kukimbia, maana magari ya kwenda Moshi yalikuwa yanapita, na hakuna lililopunguza mwendo. Mengine yalikanyaga machungwa yakateleza kidogo yakanyooka, yakaendelea. Mengi ya hayo, kwa habari zilizotoka Gerezani baadaye, yaliingizwa kwa Khalfani mwezi wa kwanza, yapunguzwe uzito.

Severa hakuacha kutazama mbele, upande wa Moshi. Mwanawe alikuwa na siku tatu nzima za kurudi pale kuangalia, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na sasa Alhamisi ilikuwa saa tano. Njia yote ya kutoka juu hakikuonekana kitu chenye rangi ya maziwa mgando.

Simu ikaita. Alikuwa Benedict, ndani ya basi, anashangilia mpaka abiria wenzake wanasikika. "Mama Hillary! Nimeongea na Pantaleo! Paroko ameutangaza muda wetu kanisani! Kasoro siku mbili, kasoro saa kumi na saba! Wewe uko wapi?"

"Nipo njiani," Severa akasema.

Mama yake Sabaha akaja kutoka shambani, amejitwika gunia la machungwa kichwani. Anaitwa Fatuma. Alisikiliza habari yote amesimama vile vile na mzigo wake: gari, Jumatatu, mbuzi, bibi, breki. Hakushangaa. Alisema Desemba iliyopita ilikuwa ni mtoto wa jirani yake, tena gari lenyewe lilikuwa la kawaida tu.

Severa akapiga magoti barabarani, na masufuria yake pembeni, akatoa isale kwenye pochi akampa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Fatuma akatua gunia. Akalipokea lile jani, akaligeuza, akalivuta kuona kama linakatika. Halikukatika. Kwao hakuna isale. Akafungua fundo, akajaza machungwa yaliyosalimika kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mdomo kwa lile jani, akakaza vizuri, akampa Severa ale njiani.

"Asante kwa kamba, dada," akasema. "Sabaha, panga meza upya."